Valvu kwa Mfuko Mdogo: Mafunzo Niliyopata

Wapenzi wengi wa muziki ninaokutana nao wanaamini kwamba valvu ni starehe ya matajiri. Wameona picha za amplifaya zenye chupa kubwa zinazowaka, wakasikia bei, wakaachana na habari hiyo. Mimi naishi Dar es Salaam, kipato changu ni cha kawaida, na sebuleni kwangu kuna valvu inayofanya kazi kila jioni. Imekaa kati ya deki ya CD na amplifaya ya transista ya mtumba, mbele ya spika mbili za mbao zisizo na jina kubwa. Sauti inayotoka naipenda kwa dhati, na nataka mwenye mfuko kama wangu ajue kwamba njia ipo.

Kwa asiyeijua, valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto hadi irushe elektroni kuelekea anodi, yaani bamba lenye volti nyingi. Katikati kuna wavu mwembamba, na volti kidogo tu zikibadilika kwenye wavu huo, mkondo unaokwenda kwenye anodi hubadilika sana. Hapo ndipo sauti inapokuzwa. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani akaongeza wavu mwaka 1906. Transista ilipozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, valvu zikaanza kuondoka majumbani taratibu.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba valvu inataka kupatana na vifaa vilivyo mbele na nyuma yake kuliko inavyotaka fedha. Ikipatana navyo, ya bei ndogo inafurahisha. Isipopatana, hata ya bei kubwa itakuudhi. Mafunzo yote yanayofuata yanatoka hapo.

1. Anza pale sauti inapokuwa bado ndogo

Gharama kubwa ya amplifaya kamili ya valvu iko kwenye vyuma. Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika inataka volti chache na mkondo mkubwa. Ili vitu hivi viwili vikutane, inahitajika transfoma ya kutolea sauti, na kila upande unataka ya kwake. Transfoma hiyo ikiwa nyepesi, besi inakuwa dhaifu na sauti za juu zinafifia. Ukiona amplifaya ya valvu inauzwa bei ya kutupa, mara nyingi mtengenezaji amebana matumizi hapo.

Priamplifaya, yaani kifaa kinachopokea sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, haina mzigo huo. Hailishi spika, kwa hiyo haihitaji transfoma ya kutolea sauti. Chupa moja ya 12AU7, ambayo Ulaya inaitwa ECC82, ina triodi mbili ndani yake, yaani valvu mbili zenye wavu mmoja mmoja, moja ya upande wa kushoto na nyingine ya kulia. Kiwashio chake, yaani sehemu inayopasha kathodi moto, kinatumia wati zisizofika mbili. Chupa hiyo moja inatosha stereo nzima. Kazi ngumu ya kusukuma spika ziachie transista, ambazo zinaifanya vizuri kwa bei nafuu.

2. Jiulize kama sauti yako inahitaji kukuzwa

Wengi hununua priamplifaya ya valvu wakidhani kadiri inavyokuza ndivyo inavyofaa. Tazama hesabu. Deki ya CD hutoa hadi volti 2. Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, ambazo bado zinapatikana kwa wauza mitumba, hufikia nguvu zake zote zikipewa volti 0.15 tu kwenye tundu la AUX. Deki imekwisha kutoa zaidi ya mara 13 ya kinachohitajika.

Sasa weka katikati 12AX7, au ECC83, ambayo uwezo wake wa kukuza ni mara 100. Kitasa cha sauti utakigusa kidogo tu na nyumba nzima itatetemeka. Huko mwanzoni mwa kitasa ndiko pande mbili zinakopishana zaidi, hivyo mwimbaji anahamia upande mmoja na kelele ya ndani ya valvu inasikika. Kwa nyumba nyingi inayofaa ni 12AU7, ambayo uwezo wake ni kati ya mara 17 na 20, na bora zaidi ikiwa imeungwa kwa mtindo wa kathodi fuasi. Kwa mtindo huo haikuzi kabisa. Inapokea sauti na kuikabidhi ikiwa na nguvu ya kusafiri kwenye waya. Muulize muuzaji kifaa chake kinakuza mara ngapi, na asiyejua usimpe fedha yako upesi.

3. Omu ndizo zinazoamua besi

Hili nalisisitiza kuliko mengine kwa sababu halionekani kwa macho. Kwenye njia ya kutokea ya priamplifaya ya valvu kuna kapasita inayozuia volti nyingi zisiingie kwenye amplifaya yako. Kapasita hiyo, ikikutana na ukinzani wa tundu la amplifaya, huamua besi itashuka hadi wapi.

Chukua kapasita ya maikrofaradi 0.47, ambayo ni ya kawaida sana. Ikilisha amplifaya ya zamani yenye kilo-omu 47, mpaka wa chini unakuwa karibu na hezi 7. Hapo hakuna unachopoteza. Iunge sasa na amplifaya ndogo ya kisasa yenye kilo-omu 10, mpaka unapanda hadi hezi 34. Waya mnene wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41, kwa hiyo besi ya dansi inaanza kukonda, na wewe unailaumu valvu. Dawa yake ni kapasita ya maikrofaradi 2.2 yenye volti zinazofaa. Fundi akiiweka, mpaka unarudi kwenye hezi 7.

Kanuni ninayotembea nayo ni hii: omu za tundu linalopokea ziwe angalau mara 10 ya omu za kifaa kinachotoa. Namba zote mbili huandikwa kwenye kitabu cha kifaa. Kuzisoma hakugharimu chochote.

4. Tazama volti za anodi, usitazame mwanga

Sokoni kuna vijisanduku vidogo vyenye valvu mbili za 6J1 za Kichina, ndugu wa EF95, vinavyotumia adapta ya volti 12. Bei yake inavutia. Baadhi vina sakiti ya kupandisha volti na vinafanya kazi ya heshima. Vingine huipa anodi volti kidogo mno, na valvu inayonyimwa volti haina nafasi ya kupumua: sauti ikipanda kidogo inakwaruza. Vipo pia ambavyo kazi kubwa inafanywa na IC na valvu imewekwa pembeni tu.

Mwanga unadanganya. Kiwashio cha valvu ndogo hutoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, unaouona vizuri ukizima taa za sebuleni. Ukiona chupa inang'aa buluu au nyekundu kali kutoka chini, hiyo ni taa ndogo ya LED iliyofichwa kwenye soketi, na haihusiani na sauti. Karatasi za watengenezaji wa 12AU7 zinaonyesha matumizi ya kawaida kwenye volti 100 na volti 250 za anodi. Hivyo ukiambiwa kifaa cha 12AU7 kinatumia volti 20 au 30, jua utakachopata. Mwambie fundi apime kabla hujalipa.

5. Umeme wa kwetu una masharti yake

Vifaa vizuri vya valvu vya mtumba vingi vimetoka Marekani, vikiwa vya volti 120 na hezi 60. Sisi tuna volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushushia volti inatatua tatizo la kwanza, la pili haliligusi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 tu ikilishwa hezi 50 hupata joto zaidi na wakati mwingine hunguruma. Tafuta kibao cha nyuma kilichoandikwa 50/60. Kama hakipo, weka mkono kwa nje, juu ya transfoma, baada ya saa moja ya kuwasha. Ikiwa huwezi kuuacha mkono hapo, zima.

Vifaa vya zamani vya Ulaya vilivyotengenezwa kwa volti 220 navyo vinahitaji uangalifu. Umeme ukipanda hadi 240, kiwashio cha volti 6.3 kinapata karibu volti 6.9, ambalo ni ongezeko la asilimia 9. Hapo ni ukingoni mwa kile kinachovumilika, kwa kuwa watengenezaji wengi waliruhusu tofauti ya asilimia 10. Ndiyo maana stabilaiza nzuri naihesabu kuwa sehemu ya bei ya valvu. Nimeona watu wakinunua valvu za akiba kwa wingi huku kifaa kikila umeme unaopanda na kushuka bila kinga. Fedha ile ile ingeanza na stabilaiza, akiba ingekaa kabatini miaka mingi.

6. Mkono mmoja ukiwa kazini, mwingine mfukoni

Nilipeleka priamplifaya yangu kwa fundi mzee wa Kariakoo aliyeanza kazi enzi za redio za valvu. Nilimkuta ameinama juu ya meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chomoa hiyo, weka hapa, halafu usiguse kitu."

Alifungua skrubu nne, akaweka mfuniko pembeni, akabana waya mweusi wa mita kwenye bodi ya chuma. Kisha mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni na haukutoka tena. Kwa mkono wa kulia akagusisha ncha nyekundu kwenye kapasita kubwa. Plagi ilikuwa imelala sakafuni mbele ya macho yetu, lakini mita ikaonyesha zaidi ya volti 200.

"Unaona? Umechomoa, lakini umeme haujaenda popote. Umelala humu."

Akachukua rizista ya wati kadhaa iliyofungwa kwenye mpini wa plastiki, akaishika kwenye miguu ya kapasita, nasi tukaziangalia namba zikishuka pole pole hadi karibu na sifuri. Ndipo akapima tena kuhakikisha, na ndipo mkono wa kushoto ulipotoka mfukoni.

"Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita kifuani," akaniambia. "Usiupe njia."

Haya ninayaandika kwa uzito wote. Volti za valvu zinaua, na kuchomoa plagi hakuziondoi. Kama hujafundishwa, usifungue mfuniko. Mlipe fundi. Hakikisha kifaa kina fyuzi ya kiwango sahihi na waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi, na kwamba soketi ya ukutani ina ethi ya kweli. Na ukija kumiliki amplifaya kamili ya valvu, usiiwashe na kuipigisha muziki bila spika kuungwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Watoto wasifikie chupa hizo, kwani zile za nguvu huunguza ngozi mara moja.

7. Pini tisa hazina maana ya udugu

Valvu nyingi ndogo za muziki zina pini tisa na zinaingia kwenye soketi ile ile, lakini hazibadilishani ovyo. 12AX7, 12AT7 na 12AU7 zina mpangilio mmoja wa pini, ingawa zinatofautiana katika kukuza na katika mkondo zinaotaka. ECC88, ambayo Marekani inaitwa 6DJ8, ina umbo lile lile na kiwashio cha volti 6.3. Ukiichomeka kwenye soketi ya 12AU7 iliyoungwa kwa volti 12.6, kiwashio chake kinapata volti mara mbili na kuungua. Soma namba kwenye kioo na kwenye kitabu cha kifaa kabla ya kuchomeka chochote.

Kuhusu chapa, valvu za zamani za Mullard na Telefunken zinauzwa ghali na za bandia ni nyingi. Mwenye mfuko mdogo anahudumiwa vizuri na valvu mpya: JJ Electronic wanazitengeneza Čadca, Slovakia, na viwanda vingine viko Saratov, Urusi, na China. Valvu ndogo iliyotunzwa hudumu maelfu ya saa.

Ukishuku kwamba moja ni mbovu, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. Kwanza, kama kila upande una chupa yake, zima, subiri zipoe, zibadilishane nafasi. Kelele ikihama pamoja na chupa, umempata mkosaji. Pili, sauti ikiwa ya chini, gonga chupa polepole kwa ncha ya penseli upande wenye raba. Mlio mdogo ni wa kawaida, ila ikilia kama kengele kwenye spika, vyuma vya ndani vimelegea na haikufai karibu na spika za besi.

8. Mvumo una anwani

Mvumo wa hezi 50 ni mzito na wa chini. Mara nyingi unatokana na vifaa viwili kuungwa ethi kwa njia mbili tofauti, au waya wa muziki kupita karibu na transfoma. Mvumo wa hezi 100 una ukali zaidi, na kwa kawaida unatoka kwenye kapasita za kuchujia umeme zilizochoka. Chomoa nyaya za muziki zinazoingia kwenye priamplifaya. Mvumo ukiisha, tafuta nje. Ukibaki, mpelekee fundi. Vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja. Waya wa ethi kamwe usikatwe ili kunyamazisha mvumo, maana huo ndio unaokulinda.

9. Spika ndizo zinazosema mwisho

Fedha ya kwanza iende kwenye spika. Kila spika ina kipimo cha usikivu: desibeli inazotoa ikipewa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Spika ya desibeli 87 ikipewa wati 8, nguvu ambayo amplifaya yenye valvu moja ya 300B kwa kila upande hutoa, inafika desibeli 96 kwa mita 1 na hapo ndipo mwisho wake. Kwa taarabu ya jioni chumbani panatosha. Kwa dansi lenye tarumbeta na ngoma hapatoshi. Spika ya desibeli 93 inafika 102 kwa wati zile zile, yaani umepata faida ya kuzidisha amplifaya mara nne bila kununua amplifaya.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kuweka valvu kwenye priamplifaya na kuacha wati 40 au 50 za transista zifanye kazi yake. Unachagua spika yoyote inayokupendeza. Kisha sogeza spika kutoka ukutani na uziweke kwenye usawa wa masikio yako unapokaa. Mabadiliko hayo ni ya bure, na mara nyingi yanazidi tofauti ya valvu moja na nyingine.

10. Linganisha kwa kipimo kimoja cha sauti

Sikio hupenda kilicho juu. Priamplifaya ikipandisha sauti kwa desibeli moja tu, utaapa kwamba ni nzuri zaidi. Ili kuwa na haki, piga mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, pima volti za AC kwenye ncha za spika bila valvu, kisha weka valvu na urekebishe kitasa hadi mita isome namba ile ile. Sasa sikiliza muziki.

Mimi husikiliza taarabu ya Unguja, kwa sababu ala za kanuni, udi na fidla zinaonyesha kila kitu. Waya wa kanuni unapodonolewa kuna mshindo mkavu mwanzoni, kisha mlio unaning'inia na kufifia. Valvu yangu haigusi mshindo huo, lakini ule mlio unaofuata unakuwa na mwili zaidi. Sababu inajulikana: triodi huongeza kidogo mlio wa pili, ambao ni oktavu ya ule wa asili, na sikio hulipokea ongezeko hilo kama unene badala ya kasoro. Tofauti ni ndogo. Haigeuzi rekodi mbaya kuwa nzuri, wala haiponyi spika mbovu. Lakini inasikika, na kwa mtu anayekaa na muziki kila siku, kidogo hicho kina thamani.

Kwa hiyo anayeanza leo namshauri afuate mpangilio huu: spika zenye usikivu mzuri, stabilaiza na ethi ya kweli, priamplifaya yenye 12AU7 moja na volti za kutosha, kisha valvu moja ya akiba. Asiruke hatua. Na kabla hajanunua, amtafute fundi wa zamani wa redio katika mji wake, amlipe kwa muda wake na akae naye mezani. Mafundi wanaojua valvu kwa mikono yao wamezeeka, na vijana wachache ndio wanaojifunza kwao. Priamplifaya utaipata sokoni hata mwakani. Fundi huyo mfuate wiki hii.